Ramani za zamani zilizochorwa kwa mkono: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ukifika msimu wa wanafunzi kuandika tasnifu, napata maswali yaleyale kuhusu ramani za kale: zinasomwaje, zinapatikana wapi, zinaaminika kiasi gani. Nimeamua kuyajibu mahali pamoja. Mifano mingi ni ya Tanganyika na Kenya, kwa sababu huko ndiko ninakojua kila kona imepotoka vipi.

Ramani "iliyochorwa kwa mkono" ni ipi hasa? Si nyingi zilichapwa kiwandani?

Nyingi zilichapwa, lakini kila moja ilianzia mkononi mwa mtu. Kwanza kulikuwa na daftari la safari: msafiri anaandika saa aliyoondoka kambini, dira inaelekea wapi, mto umevukwa saa ngapi, kilima kipi kimeonekana kushoto. Kisha jioni, au baada ya miezi, daftari lile linageuzwa kuwa mchoro wa penseli na wino. Mwisho anakuja mchoraji wa ofisini, ambaye huenda hajawahi kukanyaga Afrika, anakusanya michoro ya wasafiri kadhaa na kuiunganisha iwe karatasi moja ya kuchapwa.

Oscar Baumann, Mwaustria, aliondoka Tanga mwaka 1892 akapita Umasai hadi Burundi. Ramani za safari ile zilichorwa na Bruno Hassenstein, mezani kwake Gotha, Ujerumani. Ukiishika karatasi hiyo umeshika kazi ya watu wawili, na kila mmoja ana makosa yake. Ndiyo maana kama daftari au mchoro wa kwanza bado upo, utafute. Msafiri mwaminifu huweka alama ya kuuliza pale asipokuwa na hakika, na mto asioufuata huuchora kwa vitone. Mchoraji wa ofisini, anayetaka karatasi yake ipendeze, mara nyingi hufuta alama ya kuuliza na kuufanya ule mto wa vitone kuwa mstari mzima.

Waliipimaje nchi bila satelaiti?

Kwa miguu, dira na saa. Ukijua msafara unatembea, tuseme, kilomita 4 kwa saa, na umetembea saa mbili ukielekea magharibi, unachora kilomita 8 kuelekea magharibi. Rahisi hivyo, na hatari hivyo hivyo, kwa sababu hakuna msafara wenye wapagazi na mbuzi unaotembea kwa mwendo mmoja kuanzia alfajiri hadi saa nne.

Ili makosa yasirundikane, waliotaka uhakika walipima jua na nyota. Latitudo ilikuwa nafuu: unapima kimo cha jua la mchana au cha nyota, unapiga hesabu, basi. Longitudo ndiyo iliyowatoa jasho, maana inahitaji ujue saa kamili ya mahali pengine, na kronomita, yaani saa ya usahihi mkubwa, iliyobebwa kichwani kwa miezi mitatu haikosi kuchelewa au kuwahi. Karibu na ikweta, saa ikikosea kwa dakika moja tu, umesogea robo ya digrii, yaani karibu kilomita 28. Kwa hiyo kwenye ramani za karne ya 19 utakuta miji iko sawa kabisa kaskazini na kusini, ila imetelezea mashariki au magharibi. Ukijua hilo hushangai.

Upimaji wa pembetatu, wa teodolaiti (chombo cha kupimia pembe) na nguzo za vilimani, ulikuja baadaye. Ulianza kwenye mipaka, reli na mashamba ya walowezi, kabla ya vijijini. Nafikiri sababu unaijua.

Je, naweza kuiamini?

Swali hili huulizwa kana kwamba ramani yote ni ya kweli au yote ni ya uongo. Mimi huwaambia wanafunzi waulize jambo moja kabla ya yote: huyu mtu alipita wapi?

Chukua karatasi yoyote ya ile ramani ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ya skeli ya 1:300,000, iliyoanzishwa na Richard Kiepert na kuendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel kule Berlin, karatasi 29 pamoja na vipande vya nyongeza. Usianze na majina makubwa. Tafuta mstari mwembamba wa njia ya msafara. Ukiupata, utaona kitu cha ajabu: kando yake, kwa upana wa kidole hivi, karatasi imejaa. Vijiji, vijito, mti mkubwa, mahali pa maji, mwamba, maelezo kwamba hapa kuna mtama na pale kuna miiba. Ukivuka upana wa kidole karatasi inaanza kuwa kimya. Vilima vinakuwa vya mviringo, vinafanana kama maandazi. Mito inanyooka. Halafu weupe, mpaka ukutane na njia ya msafiri mwingine.

Ndani ya upana ule, mwamini, kwa tahadhari ya kawaida. Nje yake, alichora alichokiona kwa mbali au alichoambiwa. Kuna karatasi ambazo zinakuandikia wazi kwamba habari hii ni ya kuulizia kwa wenyeji. Hiyo ni hazina, usiidharau, ila iandike kwenye kazi yako kama habari ya kuambiwa. Wapo wanafunzi wanaopima eneo la msitu kwa programu, hadi nukta mbili za desimali, kumbe mpaka wa msitu wenyewe ulichorwa na mtu aliyesimama kilimani kilomita 15 kutoka hapo, ukungu ukiwepo.

Sehemu nyeupe maana yake hakukuwa na watu?

Hapana. Ningeweza kuishia hapo, lakini swali hili limeumiza watu.

Weupe una maana tatu na ramani haikuambii ni ipi. Ya kwanza, hakuna mpimaji aliyepita. Ya pili, alipita lakini watu walikuwa wamejificha, kwa sababu msafara wenye bunduki ukionekana wenye akili huondoka na mifugo yao. Ya tatu, kweli watu hawakuwepo *mwaka ule*.

Hiyo ya tatu ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Sotoka ya ng'ombe iliingia nchi za Wamasai mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kumaliza mifugo; ikafuata njaa, ikafuata ndui. Baumann alipofika Ngorongoro mwaka 1892 alikuta Wamasai wamekonda mno, wanaomba chakula. Sasa fikiria ramani iliyochorwa katika miaka hiyo. Malisho yaliyokuwa na maboma yanaandikwa kwamba hayakaliwi. Kusini nako, baada ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata, vijiji vingi vilibaki magofu. Mpimaji anayepita mwaka 1909 anachora pori na hasemi uongo. Uongo unaanza pale mtu wa miaka ya baadaye anapoichukua karatasi hiyo kuonyesha kwamba nchi ile tangu asili ilikuwa ya wanyama, au ilikuwa wazi tu ikisubiri mlowezi.

Kwa hiyo ukiona weupe, kwanza tafuta mwaka. Kisha tafuta nini kilitokea miaka mitano nyuma. Ukiweza, nenda kawaulize wazee walizikwa wapi babu zao.

Ramani yangu haina mwaka. Nitaujuaje?

Reli itakusaidia. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Kwa hiyo karatasi inayoonyesha reli ikipita Morogoro bila kufika Tabora imechorwa katikati ya 1907 na 1912. Upande wa Kenya, reli kutoka Mombasa ilifika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Angalia vizuri kama mstari ni mzima au wa vipande, maana reli iliyokuwa bado kwenye ndoto za wakubwa nayo ilichorwa.

Mipaka pia inasema. Ukiona Naivasha iko ndani ya Uganda, ramani hiyo inaonyesha hali ya kabla ya 1902, mwaka ambao sehemu ile ya mashariki ilihamishiwa upande unaoitwa Kenya leo. Majina ya miji ni ushahidi wa tatu, lakini wa kuangalia kwa jicho la pembeni, kwa sababu wachoraji walinakili majina ya zamani kwa miaka mingi baada ya kubadilishwa.

Majina yameandikwa kwa namna ya ajabu. Nitayatambuaje?

Yasome kwa sauti, ukiwa na sikio la Mjerumani. Sauti yetu ya *j* waliiandika *dsch*, *ch* wakaiandika *tsch*, na *y* wakaiandika *j*. Basi Kilimandscharo ni Kilimanjaro, Udjidji au Udschidschi ni Ujiji. Muansa ni Mwanza. Ssongea ni Songea. Ukisoma kwa macho unapotea. Ukisoma kwa mdomo, jina linajitokeza lenyewe.

Halafu kuna majina waliyoyabandika: Wilhelmstal ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga, Neu-Langenburg ni Tukuyu, Wiedhafen ni Manda, Sphinxhafen ni Liuli. Waingereza nao hawakubaki nyuma: Fort Hall ni Murang'a, Port Florence ni Kisumu. Kilele cha Kibo kiliitwa Kaiser-Wilhelm-Spitze kabla ya kuwa Uhuru.

Mtego mkubwa kuliko hayo yote ni kijiji kilichopewa jina la mtu. Msafiri aliuliza, "Hapa wapi?" akajibiwa kwa Kiswahili cha msafara, "Kwa fulani." Akaandika jina la jumbe. Jumbe akifa, au akihama na watu wake kutafuta shamba jipya, "mji" unaondoka kwenye ramani ya baadaye na kutokea kilomita 20 kando. Niliwahi kupoteza karibu wiki mbili nikitafuta kijiji kilichopotea namna hiyo, nikawa tayari na nadharia nzima kuhusu vita na tauni. Mzee mmoja akanisikiliza hadi mwisho, akacheka: "Mwanangu, huyo alikuwa mtu. Alihamia kule ng'ambo, wajukuu zake ndio wale wenye mashine ya kukoboa."

Na jambo la mwisho kuhusu majina. Ile *U-* ya Ugogo, Uhehe, Urundi, Unyamwezi ni ya Kiswahili. Waliokuwa wakiwajibu wasafiri walikuwa viongozi na wakalimani wa pwani, nao walitamka kwa lugha yao. Buganda ikawa Uganda kwa njia hiyo hiyo, na nchi nzima ikabaki na jina lililotoka mdomoni mwa Mswahili. Kwa hiyo jina lililo kwenye ramani linakuambia nani alikuwa mkalimani. Wenyeji walijiitaje ni swali jingine, la kuulizwa kwao.

Kwa hiyo Waswahili walishiriki kuchora?

Kalamu hawakuishika sana, lakini ujuzi ulikuwa wao. Mfano bora ni ramani ya mwaka 1856 iliyotolewa Gotha kutokana na habari za wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Erhardt alikaa Tanga miezi kadhaa akiwauliza wafanyabiashara wa misafara: mkitoka hapa mnapita wapi, siku ngapi, mnaishia wapi? Waliokwenda njia ya kusini walimwambia tunaishia ziwani. Wa njia ya kati, tunaishia ziwani. Wa kaskazini, ziwani.

Wote walisema kweli. Wa kusini walikuwa wakifika Nyasa, wa kati Tanganyika, wa kaskazini lile tunaloliita Victoria. Erhardt akaunganisha miisho mitatu kuwa ziwa moja kubwa mno, limejipinda katikati ya Afrika kama koa. Mabingwa wa London wakalicheka, lakini hawakuweza kulipuuza, na mwaka huohuo wasafiri wa Kiingereza, Burton na Speke, wakatumwa kwenda kuona. Wakafika Ujiji Februari 1858, na Agosti mwaka huo Speke akasimama kusini mwa Victoria.

Huwa natumia ramani ya koa kuwafundisha wanafunzi kutenganisha habari na mchoro. Habari za wale wafanyabiashara zilikuwa nzuri kuliko chochote kilichokuwepo Ulaya wakati ule. Kilichokosewa ni namna ya kuziunganisha.

Vile vistari vidogo vidogo kwenye milima, kama manyoya ya paka, ni nini?

Ni namna ya zamani ya kuonyesha mteremko. Vistari vinaelekea maji yanakoelekea. Vikibanana, ni mkali. Vikiachana, ni wa taratibu. Havikupi kimo. Ukitaka kupata mita kutoka kwenye manyoya, utabuni.

Kuna pia mistari inayofanana kabisa na kontua, ile mistari inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, lakini haina namba. Hiyo ilichorwa kwa jicho ili kuonyesha umbo la kilima tu. Usiihesabu.

Mbona vimo vya milima haviendani na vya leo?

Kwa sababu vilipimwa kwa baromita, chombo cha kupimia kanieneo ya hewa, au kwa kuchemsha maji. Maji huchemka kwa joto la chini kadiri unavyopanda, karibu digrii moja ya Selsiasi kwa kila mita 300. Ukikosea kusoma kipimajoto kwa sehemu mbili za kumi za digrii, na hali ya hewa ikibadilika siku hiyo, umeshaongeza au kupunguza mita 60 au zaidi. Hans Meyer, aliyefika kileleni Kilimanjaro 1889, aliupa mlima mita 6,010. Leo tunasoma 5,895. Kwa vifaa alivyokuwa navyo, si vibaya.

Angalia pia kipimo chenyewe. Ramani nyingi za Waingereza ni za futi, na chati za baharini zimeandika kina cha maji kwa pima, ile ile ya wavuvi wetu, mita 1.83. Chati za pwani zilizotokana na upimaji wa Kapteni Owen wa miaka ya 1820 ni za namna hiyo, na ni nzuri sana kwa mtu anayechunguza jinsi mchanga ulivyosogea kwenye bandari za zamani. Mwanafunzi anayedhani zile namba ni mita ataikausha nusu ya bandari.

Wanasayansi wanazitumia kwa kazi gani hasa?

Kazi ni nyingi: historia ya makazi, misitu iliyopungua, njia za misafara, mito iliyohama, makaburi, magofu. Nieleze moja kwa kirefu, barafu ya Kilimanjaro, kwa sababu inaonyesha faida na mtego kwa pamoja.

Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler walipanda Kilimanjaro wakiwa na kamera ya kupimia. Walipiga picha kutoka vituo vilivyopimwa, na kutokana na picha hizo ikachorwa ramani ya 1:50,000 iliyotolewa mwaka 1920. Mpaka wa barafu ulitokana na vipimo vya picha, haukukisiwa kwa macho. Kwa sababu hiyo karatasi ile imekuwa mahali pa kuanzia kwa karibu kila utafiti uliofuata. Watafiti waliipima wakapata barafu ya takriban kilomita za mraba 12 kwa mwaka 1912. Picha za anga na satelaiti za baadaye zilitoa 2.6 kwa mwaka 2000 na 1.85 kwa mwaka 2007. Yaani katika miaka 95, asilimia 85 hivi imekwenda. Bila Klute tusingekuwa na namba ya kuanzia ya kuaminika namna hiyo.

Mlima Kenya una habari inayofanana. Halford Mackinder, aliyefika kileleni 1899, aliacha ramani ya barafu ya Lewis, mmoja wa mito ya barafu ya mlima huo. Wajerumani Troll na Wien wakaipima upya 1934. Vipimo vya 2010 vilipolinganishwa na vya 1934, eneo la barafu ile lilikuwa limepungua kwa asilimia 79 na ujazo wake kwa asilimia 90.

Sasa mtego. Ukichukua mchoro wa mpandaji wa kawaida wa miaka hiyo hiyo, aliyefika mlimani siku mbili baada ya theluji kuanguka, utapata "barafu" mara mbili ya iliyokuwepo. Theluji mpya ni nyeupe, barafu ni nyeupe, na mtu mwenye kichwa kinachouma kwa ajili ya kimo hachimbi kuona kilicho chini. Ukitumia mchoro huo kama mwanzo wako, umetengeneza mabadiliko ya tabianchi kwa kalamu yako mwenyewe. Mabadiliko yapo, hayahitaji msaada wako.

Nitazipata wapi?

Anzia nyumbani. Nyaraka za Taifa Dar es Salaam zina kumbukumbu za utawala wa Kijerumani. Zanzibar kuna Nyaraka pale Kilimani. Nairobi kuna Nyaraka za Taifa, na idara ya upimaji iko Ruaraka. Wizara za ardhi zina karatasi za 1:50,000 zilizotengenezwa kwa picha za anga enzi za Waingereza na baada ya uhuru, nazo utazihitaji sana kama daraja kati ya ramani ya kale na satelaiti. Beba kitambulisho, barua ya chuo, kibali cha utafiti na subira.

Ulaya, mkusanyiko wa Perthes, kampuni iliyokuwa ikichapa ramani, uko maktaba ya utafiti ya Gotha, una karatasi za ramani zipatazo 185,000. London, Royal Geographical Society wanatunza michoro ya wasafiri wa karne ya 19. British Library wana mkusanyiko wa Ofisi ya Vita ya Uingereza, na sehemu ya Afrika Mashariki (alama yake inaanza na WOMAT/AFR/BEA) imeskaniwa na kuwekwa mtandaoni. Mingi ni michoro ya mkono ya maofisa, ikiwa na maandishi ya pembeni kuhusu maji, njia, na wenyeji walivyowapokea. Hiyo unaweza kuiangalia usiku ukiwa Sumbawanga, bando likiruhusu.

Kupiga picha kwa simu kunatosha?

Kusoma majina, ndiyo. Kupima, hapana. Lenzi ya simu hupinda kingo, na ukiinama kidogo tu upande mmoja wa ramani unakuwa mkubwa kuliko mwingine. Kwa kupima omba iskaniwe ikiwa imelazwa, nukta 400 kwa inchi, na ubao wa skeli uonekane.

Hata hivyo karatasi yenyewe huvuta unyevu, na haivutiki sawa pande zote. Pima mraba wa gridi kwa mlalo na kwa wima. Zikitofautiana, unajua kabla hujaanza.

Naiwekaje juu ya ramani ya leo?

Unatumia programu kama QGIS, ambayo ni ya bure. Unachagua sehemu kwenye ramani ya kale ambazo una hakika nazo, unaonyesha zilipo leo, na programu inaivuta ramani ikae juu ya nyingine. Ufundi wote uko kwenye kuchagua sehemu hizo.

Chagua vilele, makutano ya mito penye miamba, madaraja ya reli, makanisa ya zamani ya misheni, boma za Kijerumani zilizosimama. Usichague ufukwe wa ziwa. Najua kwa sababu nilifanya hivyo: nilikuwa na karatasi ya upande wa Mwanza, pwani ya ziwa imechorwa vizuri, nikapachika alama kumi na mbili ufukweni, kila kitu bara kikahama. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, na penye ufuko wa tambarare mita 2 za kwenda juu ni mamia ya mita za kwenda ndani. Nilikuwa nimeifunga ramani kwenye maji.

Sambaza alama pande zote nne na katikati. Tumia njia ya kawaida ya kuvuta kwanza. Zile njia za kukunjakunja zinafanya kila alama ionekane imekaa sawa, huku katikati ya alama mbili nchi inatanuka kama chapati. Namba ya kosa inayotolewa na programu ikiwa sifuri, ogopa.

Kabla ya hapo angalia ukingo wa karatasi. Baadhi ya ramani za zamani za bara Ulaya huhesabu longitudo kutoka Ferro au Paris badala ya Greenwich. Ferro, kisiwa cha Kanari, iko takriban digrii 17 na dakika 40 magharibi ya Greenwich. Na za 1:50,000 za enzi ya Waingereza ziko kwenye mfumo wa Arc 1960, wenye kodineti tofauti kidogo na za GPS yako. Ukisahau kubadilisha, kila kitu kitakaa karibu mita 300 pembeni, na utadhani aliyekosea ni mpimaji wa zamani.

Nina mgogoro wa shamba. Ramani ya Mjerumani itanisaidia?

Kwa mpaka wa shamba, karibu haiwezekani. Fanya hesabu: kwenye skeli ya 1:300,000 sentimita moja ni kilomita 3, na mstari wa kalamu wa nusu milimita unafunika mita 150. Shamba lako lote liko chini ya wino. Hata kwenye 1:50,000 mstari huo ni mita 25. Unachohitaji ni ramani ya upimaji yenye bikoni, yaani alama za mpaka zilizochimbiwa ardhini, kama ipo, na majirani wanaokumbuka.

Inaweza kusaidia kuonyesha kwamba kijiji kilikuwepo mahali fulani mwaka fulani, pamoja na ushahidi mwingine. Hata mataifa hayashindi kwa ramani peke yake. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema mwaka 1986, kwenye kesi ya Burkina Faso na Mali, kwamba ramani kwa yenyewe si hati ya kumiliki ardhi; ni ushahidi unaopimwa pamoja na mwingine.

Ni kweli Malkia Victoria wa Uingereza alimpa mjukuu wake, Wilhelm wa Ujerumani, Kilimanjaro kama zawadi, ndiyo maana mpaka umepinda?

Si kweli, ingawa waongoza watalii hawataacha kuisimulia. Makubaliano ya Novemba 1886 yanaeleza mstari: kutoka mdomo wa mto Umba hadi Ziwa Jipe, kupita katikati ya Taveta na Uchagga, kuzunguka chini ya Kilimanjaro upande wa kaskazini, kisha moja kwa moja hadi Ziwa Victoria kwenye latitudo ya digrii 1 kusini. Mawakala wa Kijerumani walikuwa wameshajitafutia mikataba na watawala wa Uchagga. Sehemu ndefu ya mwisho ilinyooshwa kwa rula kwa sababu waliokaa mezani hawakuwa na cha kufuata: ramani zao za Umasai zilikuwa nyeupe.

Babu ameacha ramani ya zamani nyumbani. Niifanyie nini?

Usiipeleke steshenari kuwekewa plastiki ya moto, haitatoka tena. Usiizibe kwa selotepu, gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi. Usiikunje pale ilipokunjika. Ilaze bapa kati ya karatasi safi, mahali pakavu pasipo na mchwa wala jua, ipigiwe picha, na nyuma ya picha hiyo andika ilitoka kwa nani na alikuwa akifanya kazi gani. Kama ina maandishi ya penseli pembeni, usijaribu kuyasafisha kwa raba. Hayo ndiyo nitakayoomba kuyaona kwanza.